Nyuma ya Mnara wa Taa

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi yoyote ya Joubert Park, hapa Johannesburg. Mama wa mahindi alikuwa ameshawasha mkaa, wapiga picha wamepanga picha zao za mfano juu ya mabenchi, na Falonne, msusi tuliyepanga naye nyumba moja ghorofa ya tano, alivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, amemshika mkono binti yake Murielle. Walikuwa wanakwenda kwa Libère kupiga picha za Karibi.

Usicheke. Karibi ilikuwa pale pale, imefungwa kwa waya kwenye uzio wa bustani. Libère, Mrundi mpole mwenye kamera moja na printa ndogo ya betri, alikuwa na turubai refu lililochorwa na fundi wa mabango kutoka kwenye kalenda ya watalii yenye picha ya kisiwa kimoja cha Karibi. Kushoto kulikuwa na mtaa wa soko wenye nyumba za rangi. Zikafuata maporomoko ya maji, kisha ngome ya kale yenye mizinga, kisha ufukwe wa mchanga mweupe, na mwisho kabisa mnara wa taa juu ya mwamba. Jina la kisiwa lilikatika na ukingo wa kalenda, kwa hiyo hakuna aliyelijua. Baada ya mnara hapakuwa na kitu. Fundi aliishiwa rangi, akaacha kipande cha mwisho cheupe hivyo hivyo.

Wateja wengi wa Libère walitaka picha za kuringia kwa watu wa nyumbani. Falonne hakuwa na haja ya kuringa. Mwaka 2015, wageni walipokuwa wanafukuzwa na maduka yao kuvunjwa, mama yake kule Uvira, Kongo, aliziona habari hizo kwenye televisheni ya jirani, na presha ikampanda. Akawa halali wala hali. Kila mlango uliobishwa aliona wamekuja kumwambia mwanawe ameuawa. Ndipo kaka mkubwa, Gaston, akapiga simu.

"Falo, mama anaisha hivi ninamuangalia. Mwambie kitu. Hata kama ni uongo, mwambie."

Falonne akamwambia mama kwamba wameshahama Johannesburg. Baba Murielle amepata kazi ya hoteli kwenye kisiwa cha Karibi, mahali ambapo hakuna anayemfukuza mtu. Ukweli ni kwamba baba Murielle alikwenda Cape Town kutafuta maisha akapotelea huko, lakini uongo ukishavuliwa viatu na kukaribishwa ndani, unakaa. Mama akalala usiku huo. Presha ikashuka. Falonne akamshukuru Mungu, kisha akaenda kwa Libère.

Kila baada ya miezi kadhaa alituma kwa simu picha ya kivutio kingine. Gaston alizisafisha studio, mama akawaonyesha majirani. Alikijua kisiwa kile kuliko uwanja wake mwenyewe.

"Kwa ile ngome, mizinga ingali inalia?" aliuliza kwenye simu.

"Hapana mama. Ni ya kuangalia tu."

"Na maji ya maporomoko iko baridi?"

"Baridi sana. Murielle alitetemeka."

Katika picha zote Falonne alivaa kofia pana ya majani na miwani ya jua, vitu ambavyo Libère aliviweka kwenye kikapu kwa ajili ya wateja wake. Watu walidhani ni madaha ya kitalii. Lakini yeye alijua mama yake angeyasoma macho yake hata kwenye karatasi. Murielle ndiye aliyeachwa uso wazi, anacheka, meno ya mbele hayapo.

Jumamosi hiyo walipiga picha ya mnara wa taa, ya mwisho iliyokuwa imebaki. Jioni mama akapiga simu, amefurahi kama mtoto.

"Falonne, nyuma ya mnara kuna nini?"

Falonne alikumbuka kile kipande cheupe. "Huko bado hatujafika, mama. Ukija tutaenda pamoja. Mimi mwenyewe nitakutembeza kote."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

"Basi nitakusuka kwanza. Hatuwezi kutembea na kichwa kama hicho."

Falonne alicheka. Tangu utoto wao mama hakuruhusu msichana aanze safari kichwa hakijaisha kusukwa. Hata basi lipige honi mlangoni, lilisubiri.

Mama alifariki katika msimu wa baridi wa mwaka 2018, akiwa usingizini, picha za Karibi ziko chini ya mto. Falonne hakuweza kwenda kuzika. Mkimbizi akirudi alikokimbia, karatasi yake ya ukimbizi inakuwa imekufa. Alilia jikoni mpaka wapangaji wote tukaacha sufuria zetu tukaenda kumshika.

Sasa, ukoo wao una desturi. Mtoto asiyeweza kufika mazishini huwekewa picha yake juu ya kifua cha maiti kabla jeneza halijafungwa. Hiyo si ya kuagia. Ni ili marehemu ajue mwanawe anakaa wapi, asije akatangatanga kumtafuta.

"Nitaweka ile ya manyumba ya rangi," Gaston alisema kwenye simu. "Ile wewe na Murielle. Ile njo alikuwa anapenda kupita zote."

Hapo ndipo Falonne angesema. Neno moja tu lingetosha: yaya, kama alivyomwita kaka yake, hapo si kwetu. Lakini nyuma ya sauti ya Gaston alisikia wamama wakiimba na nyundo ikisubiri, akaona aibu, akaona pia kwamba mama amekwisha kufa na uongo hauna wa kumdhuru tena.

"Weka hiyo, yaya," alisema.

Murielle alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikisikia, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza cha shuleni, na akikasirika kwa Kizulu. Siku chache baada ya mazishi aliamka, akaketi kitandani, na Falonne akaona nywele zake. Alikuwa amelala kichwa kimefumuliwa. Sasa nusu yake ilikuwa imesukwa kwa uzi mweusi, ule mtindo wa kizamani wa nywele zinazosimama.

"Nani amekusuka?"

"Koko," Murielle alijibu. Kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha Uvira, ambako bibi huitwa koko, chenye ule mvuto wa mwisho wa maneno. "Amenisuka pale kwa manyumba ya rangi. Anasema mikono yako iko nzito."

Falonne alikaa chini. Hayo ndiyo maneno ambayo mama yake alimtania nayo tangu alipojifunza kusuka, na hakuwahi kumsimulia mtoto. Akakigeuza kile kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Msusi anaujua mkono wa msusi mwenzake kama unavyoujua mwandiko wa mtu. Njia zilikuwa zimechorwa kwa ukucha, si kwa kitana, na kila moja ilipinda kidogo kuelekea kushoto. Mtu mmoja tu duniani alipasua nywele hivyo.

"Alikuuliza nini?"

"Anauliza, 'Mama yako iko wapi?' Anasema ule mwanamke wa miwani hamjui."

Falonne alizifumua zote. Akazitupa zile nyuzi dirishani. Kesho yake zilikuwa zimerudi, na zimesonga mbele kidogo.

Kuanzia hapo Murielle akaanza kuchelewa kuamka. Kwanza akachelewa shule. Kisha akawa anaamka watu wanapokula chakula cha mchana. Kila alipoamka alisimulia matembezi. Koko amempeleka kwenye maporomoko, na upindo wa gauni lake la kulalia ulikuwa umelowa maji baridi. Koko amempandisha kwenye ngome, na viganja vyake vilinuka kutu. Aliyasema kwa furaha, kama watoto wanavyosimulia safari ya shule, huku mashavu yanaingia ndani. Kliniki walimpima damu, wakasema mtoto ni mzima, apewe matunda. Kanisani walimwekea mikono. Alilala katikati ya maombi.

"Tutaenda mpaka kwa mnara," aliniambia hata mimi siku moja jikoni, nilipomkatia chungwa. "Halafu nyuma ya mnara. Koko anasema ni siku kichwa kitaisha."

Lile chungwa hakuligusa.

Falonne akaacha kazi. Mchana kutwa alikaa kando ya kitanda anafumua, naye yule mwingine, huko aliko, anasuka. Alikuwa na vidole vyepesi, lakini kila siku yule alimzidi kwa njia moja, mbili. Ilibidi ale amesimama. Nywele zake mwenyewe alikuwa hazitazami tena, akazifunga kitambaa tu.

Ndipo Libère akaja. Hakuwa na kawaida ya kuacha bustani saa za kazi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamtazama mtoto aliyelala jua likiwa utosini, kisha akatoa bahasha.

"Mama Murielle, wateja wananirudishia picha," alinong'ona. "Wanasema kuna mtu nyuma."

Picha ya kwanza ilikuwa ya maharusi. Nyuma yao, mbele ya nyumba za rangi, alisimama bibi kizee mdogo kama kidole, amefunga kitenge, bega la kulia limeinuka kuliko la kushoto. Katika turubai lenyewe hakuwepo. Ya pili alikuwa kwenye maporomoko. Ya tatu alikuwa kwenye ngazi za ngome, na safari hii ameshika mtoto mkono. Mtoto amegeuka mgongo. Nywele zake zilisimama kwa uzi.

"Eish, mama Murielle," Libère alisema. "Huyu ni nani?"

Falonne alilijua lile bega. Lilipanda juu kwa miaka ya kubeba mihogo upande mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akilisugua kwa mawese jioni.

Alimpigia Gaston akamwambia yote.

"Ulimzika mama na uongo," Gaston alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi njo niliuweka kwa kifua chake. Na mikono yangu."

"Nisaidie, yaya."

"Nitumie picha ya kweli. Pale munakaa. Nitaichimbia kwa kichwa cha kaburi, ajue."

Falonne akajipiga picha chumbani mwake mlivyo: shuka iliyotundikwa kumtenga na sisi wapangaji wengine, jiko la mafuta ya taa, ndoo. Bila miwani. Mtoto alikuwa kitandani, na hapo akasita. Roho ilimwambia, usimwonyeshe tena. Akisahaulika mtoto, ataachwa. Ni wazo la mama yeyote, na mimi nisingefanya tofauti. Akasogea mpaka kitanda kikatoka nje ya picha, akabonyeza, akatuma. Gaston akaichimbia siku hiyo hiyo.

Kesho yake Murielle hakuamka.

Jua likapanda, likashuka hadi kwenye paa za Park Station, naye hajafumbua macho. Alipumua polepole. Alasiri midomo yake ikacheza. Falonne akainama.

"Koko ameona kwako," mtoto alinong'ona, macho yamefungwa. "Anasema kumbe wewe hauko huku. Anasema umeniacha peke yangu kwa kisiwa."

"Sijakuacha. Murielle. Niko hapa."

"Anasema basi nibaki naye."

Falonne alishika kichwa cha mwanawe. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu nyuma ya sikio. Akatafuta mwisho wa uzi ili afumue. Hakuupata. Akapapasa njia moja baada ya nyingine, akaleta tochi ya simu, akatumia sindano. Uzi haukuwa na mwanzo wala mwisho, umeingia kwenye ngozi na kutokea kwingine. Akachukua mkasi, akakata mmoja. Ilitoka damu. Murielle hakulia. Kilichotisha ndicho hicho, kwamba hakulia.

Gaston alipopigiwa simu aifukue ile picha isiyo na mtoto, alijibu akihema. "Nimechelewa, Falo. Tumemwaga simenti kwa kaburi asubuhi."

Falonne alitukabidhi mtoto sisi wapangaji, akashuka ngazi zile zote bila viatu. Nilimwona dirishani akipita katikati ya teksi zinazopiga honi, hatazami kulia wala kushoto. Yaliyotokea bustanini tuliyapata kwa Libère, na mengine kwake mwenyewe.

Libère alikuwa ameshalifungua turubai upande mmoja. Alishika kiberiti. "Nalichoma leo," alisema. "Kazi nyingine nitapata."

"Mtoto wangu yumo."

Kiberiti kikashuka.

"Piga picha tupu," Falonne alimwambia. "Nione wako wapi."

Akapiga. Printa ikakoroma, karatasi ikatoka kidogo kidogo. Nyumba za rangi, hakuna mtu. Maporomoko, hakuna. Ngome, ufukwe, hakuna. Walikuwa kwenye mnara. Wameupita mnara. Bibi ameinama nyuma ya sikio la mtoto, anamalizia njia ya mwisho, na vidole vya miguu vya Murielle viko kwenye kile kipande cheupe.

Falonne akaenda kusimama mwisho wa turubai. Libère kwa mazoea akamnyooshea kikapu chenye kofia na miwani. Akakisukuma. Akavua na kitambaa, nywele zake zilizosahaulika zikasimama ovyo juani.

"Mama," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Watu wa mabenchi walidhani anaongea na simu. "Ni mimi, nitazame. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopea. Huyo mtoto hakukuahidi kitu. Mimi ndiye niliyekuahidi. Mwache arudi, nitakutembeza mimi."

Hakuna kilichotikisika.

"Tazama kichwa changu, mama. Kina kazi."

Kisha akamgeukia Libère. "Piga."

"Mama Murielle, tafadhali."

"Piga."

Alipiga. Falonne anasema alisikia kiganja kikavu kikiingia kwenye kiganja chake, chenye sugu pale pale alipozijua. Kilikuwa na joto. Hakuogopa. Alitaka kulia tu.

Katika picha ile hakuna mwanamke aliyesimama mbele ya turubai. Kuna jiwe la bustani na nyasi zilizokanyagwa. Kule mbali, chini ya mnara, kuna wanawake wawili wadogo kama vidole wameshikana mikono, mmoja bega limepanda. Mtoto hayupo.

Sisi tuliokuwa chumbani tuliona Murielle akifumbua macho. Alikaa. Nyuzi zikamwagika zenyewe juu ya mto, zote kwa pamoja. Akauliza kwa Kiingereza kama kuna mkate, akala nusu ya mkate mzima, na mama yake alipoingia miguu inavuja damu akamuuliza kwa nini hana viatu. Falonne alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kisiwa, koko, maporomoko, hakukumbuka chochote. Kiswahili nacho kikaondoka. Tulicheka jikoni siku hiyo, tukapika bugali mwingi kuliko tulivyoweza kumaliza.

Asubuhi iliyofuata Falonne alitoka na kitambaa kichwani kimefungwa hadi kwenye nyusi. Nilisubiri mpaka akainama kwenye sinki, nikaona njia mbili nyuma ya shingo, zimepinda kushoto.

Alikuwa mtulivu. Alisema atazifumua mwenyewe, na alizifumua, ila mtu hafiki vizuri kisogoni mwake. Akaanza kuchelewa kazini. Wateja wakahama. Kisha Murielle akawa anarudi shule na kumkuta amelala kwenye kiti, jua kali dirishani, nyayo zake zimelowa. Mtoto hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Lakini ni mtoto wa msusi. Aliweka begi chini, akapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kufumua. Kila siku alifumua kabla ya kula, kabla ya kuvua sare, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kwa haraka. Akimaliza, Falonne anaamka, anamuuliza habari za shule.

Hivyo wamekwenda mpaka mwaka huu wa 2019. Ilikuwa vuta nikuvute, mtoto mdogo na bibi yake, na katikati yao kichwa kimoja.

Libère alilikunja turubai, hapigi tena picha za Karibi. Analiweka kwa rafiki yake mtaa wa Mayfair, ndani ya gunia, kwa kuwa kulichoma hathubutu.

Jana mchana nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, jikoni. Murielle alikuja akasimama mlangoni, bado amevaa sare, vidole vyake vimetokwa na damu kwenye kucha. Hakuwa analia. Aliongea taratibu, kama mtu anayeazima chumvi.

"Mama jirani, una mkasi? Ule uzi leo hauna mwisho."